Sala ya Kuhesabu

Kwa miaka ishirini na sita nilisali kwa kuhesabu. Nikisimama nahesabu mpaka ishirini, nikirukuu mpaka tano, nikisujudu mpaka kumi, na wakiwepo watu naongeza mpaka kumi na tano ili nionekane mcha Mungu. Midomo inacheza, macho yako chini, kanga imenifunika mpaka vidoleni, na anayenitazama anasema mke wa mwadhini huyo, si mchezo. Nayasema haya leo kwa sababu Gando nzima imeshayajua, wala sitafuti sifa ya kuwa mkweli. Mtu akivuliwa nguo hasifiwi kwa kuwa uchi.

Jina langu Mwanapili. Mama yangu alikufa nikiwa natambaa, nikalelewa na shangazi yangu huko Pujini, mwanamke asiyejua kukaa wala kumwacha mwenziwe akae. Watoto wenzangu wakipita na juzuu zao kwenda chuoni kusoma Kurani, mimi niko pwani naponda makumbi, nasokota kamba za usumba. Nikimwambia shangazi nami nataka kusoma, ananijibu, "Mwakani." Ikaja mwakani, ikaja na nyingine, mpaka nikavunja ungo sijui alifu wala bee. Posa ya Msellem ilipofika kutoka Gando, wazee wake waliuliza kama mtoto amehitimu. Shangazi hakupepesa jicho. Alisema, "Mara mbili." Nilikuwa nyuma ya pazia nasikia. Angesema mara moja, pengine ningepata ujasiri wa kumwambia mume wangu ukweli. Lakini mara mbili!

Msellem ni mwadhini. Hutoka nyumbani kabla ya kila sala na kurudi watu wameshasali, kwa hivyo hakupata kusimama karibu nami akasikia nini kinatoka kinywani. Mtoto sikujaaliwa, kwa hivyo hapakuwa na wa kurudi kutoka chuoni akadurusu mbele yangu nami nikadokoa. Usidhani lakini nilikuwa sijui kitu. Udhu nilikuwa naujua barabara, maana huo unaonekana kwa macho. Idadi ya rakaa naijua. Nilifunga Ramadhani zangu zote na kulipa siku zangu. Alhamdu nilikuwa najua mwanzo wake na mwisho wake, katikati pametoboka kama mkeka wa zamani. Tahiyatu ndiyo kabisa. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini wasemao hivyo hawakupata kuwa mke wa mwadhini aliyehitimu mara mbili.

Mwaka wa hamsini na tisa karafuu zilipoiva, wachumaji kutoka bara walikuja kama wanavyokuja kila msimu. Miongoni mwao alikuwapo Msukuma mmoja na dada yake, Kabula, msichana wa miaka ishirini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akiwapikia wenziwe kambini. Akapendana na Nyange, mkwezi wa minazi wa hapa kwetu, kijana mtulivu asiye na makuu. Nyange alimpeleka kwa Maalim Bimkubwa, anayesomesha chuo na ambaye neno lake kwetu sisi wanawake ni la mwisho. Kabula akatamka shahada mbele ya watu, akapewa jina la Mwatima, na mimi nitamwita hivyo tangu hapa.

Ikabaki kumtafutia mtu wa kumfunza dini. Kila mmoja alidhani Maalim Bimkubwa atamchukua mwenyewe. Maalim akanigeukia mimi.

"Mwanapili, mchukue weye," alisema. "Huna watoto wa kukushughulisha, na mumeo mtu wa msikiti. Mfunze taratibu, asichoke."

Nikasema, "Inshallah, Maalim." Ningesema nini, nina homa?

Basi Mwatima akawa anakuja kila baada ya sala ya alasiri. Hakukosa hata siku moja kwa miezi mitatu. Siku moja ilinyesha mvua mpaka kinamasi kikafika magotini, nikasema leo amebaki, nikamwona anaingia uani viatu mkononi, anacheka. Nilimfunza nguzo tano za Uislamu kwa vidole: shahada, sala, zaka, saumu, na hija kwa mwenye uwezo. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu yote ya maishani. Aliuliza zaka atatoa nini mtu asiye na kitu. Nikamwambia asiye na kitu hupewa, ila fitri ya Ramadhani akiwa na chakula cha siku hiyo naye atatoa. Aliuliza kama asiye na nauli ya Makka ana dhambi. Nikamwambia hana. Tulipofika kwenye nguzo za imani, Mungu, malaika, vitabu, mitume na siku ya mwisho, vidole vya mkono wake vikamwishia na bado ilikuwa haijasemwa kadari, kheri yake na shari yake. Alikishika kidole gumba changu akaiweka hapo. Kila alipodurusu alikuwa akikiomba kidole changu, nami nampa. Siku hizo nilijiona mwalimu kweli.

Kisha tukafika kwenye sala.

Nilimwonyesha kutia udhu, akapatia mara ya pili. Nilimwonyesha kusimama, kurukuu, kusujudu na kuketi. Alifanya yote kwa adabu, halafu akaniuliza, "Sasa, Bi, nikishasimama nasema nini?"

Nilikuwa nalijua swali hilo litakuja. Siku tatu nilikuwa nikiliwaza, na mara mbili nilitoka nyumbani kwenda kwa Maalim nikamwulize kwa hila, nikafika kwenye kisima nikarudi. Sasa limekuja, na mdomo wangu ukasema wenyewe.

"Ya ndani ya sala ni siri," nikamwambia. "Baina ya mja na Mola wake. Hapana amwambiaye mwenziwe. Weye sema na Mungu yaliyo moyoni mwako, na mtu akikuuliza, usimwambie."

Aliitikia kwa kichwa, akaniamini pale pale. Alisema kwao pia yapo maneno yasiyosemwa mbele za watu. Na uongo wenyewe ulikuwa mtamu hivi, una harufu ya dini, hata mimi nililala usingizi mzuri siku ile.

Baada ya hapo tukawa tunasali pamoja, mimi mbele kidogo, yeye nyuma. Mimi nahesabu. Siku moja katika sijida nilimsikia. Alikuwa akinong'ona kwa Kisukuma, upesi upesi, kama mtu aliyemkuta mamaye baada ya safari ndefu na ana mengi ya kumwambia. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akaendelea. Nilikuwa nimefika saba nikapotea, nikaanza tena kwenye moja. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Mimi mwenye miaka arobaini ndani ya Uislamu sikuwa na neno la kumwambia Mungu, na yule wa miezi miwili alikuwa hapati muda wa kumaliza.

Harusi ikapangwa. Kadhi wa Wete alishaambiwa, maana kaka yake Mwatima hakuwa Mwislamu wa kumwozesha. Mama yake Nyange, Bi Kazija, alikuwa hataki tangu mwanzo. Alitaka Nyange amwoe mpwa wake. Lakini hakuwa na sababu ya kusema, akanyamaza, na kunyamaza kwa Bi Kazija ni kama kuku anayeatamia.

Siku sita kabla ya harusi tulikusanyika uani kwake kuchagua mchele. Tulikuwa wanawake kumi na tano hivi, kila mtu na ungo wake, mzaha unakwenda na kurudi. Maalim Bimkubwa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mwatima alikuwa kati yetu, kajifunga kanga mpya, mikono inakimbia kwenye mchele.

"Haya, mkaza mwana," Bi Kazija akasema. "Hebu tusomee Alhamdu na sie tusikie. Asije kadhi akakuuliza ukatuhizi."

Mwatima alitabasamu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Samahani, Bi. Hayo hayasemwi mbele za watu."

"Hayasemwi?"

"Ni siri ya mja na Mola wake."

Mmoja akapasua kicheko, na ua zima likafuata. Mwingine ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika, akazidi kucheka. Alhamdu! Sura anayoijua mtoto kabla hajajua kupenga kamasi! Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili mtu asinitazame. Mpaka leo kicheko kile nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke nizame humo.

Bi Kazija hakucheka.

"Miezi mitatu," alisema, "kila alasiri watoka kambini wasema waenda kusoma. Alhamdu huijui. Ulikuwa ukenda wapi?"

"Nilikuwa kwa Bi Mwanapili," Mwatima akajibu.

Nyuso zote zikanigeukia.

"Mwanapili, alikuwa akija?"

Ilikuwa ni kusema neno moja tu. Naam, alikuwa akija, na kosa ni langu. Hata nusu yake ingetosha. Nikamwona Maalim ananitazama, nikaona wanawake wote wananitazama, nikaiona aibu ya miaka ishirini na sita imekaa mlangoni inangoja kuitwa ndani.

"Alikuwa akija," nikasema. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. "Siku nyengine akija, siku nyengine haji. Na kichwa chake kizito."

"Haji?" Bi Kazija aliweka ungo chini. "Basi siku asizokuja alikuwa kwa nani?"

Mwatima alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, hasira ningeiweza. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenziwe amalizie maneno aliyokatiza. Nikainamia mchele wangu nikatoa chuya ambayo haikuwepo.

"Kama Bi amesema hivyo," akasema kwa sauti yake ya chini, "basi ndivyo." Akakusanya mchele uliokuwa kwenye ungo wake, akaumimina kapuni usipotee hata punje, akaondoka.

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshazunguka Gando. Ikasemwa ana mtu Wete. Asubuhi yake ikasemwa ana wawili. Bi Kazija alimwambia mwanawe hataingiza nyumbani mwanamke asiyejulikana alasiri zake alikuwa wapi, na wajomba wakamuunga mkono. Nyange alikwenda kambini kumuuliza Mwatima kwa kinywa chake, na Mwatima akamjibu, "Muulize Bi Mwanapili." Nyange akaja kwangu. Alisimama nje ya ua, kamba yake ya kukwelea begani, akapiga hodi mara tatu. Nilikuwa jikoni. Sikuitika.

Kaka yake Mwatima naye alikuwa amekasirika, na ni haki yake. Alisema dada yake hatabaki kisiwani kuitwa malaya. Jumamosi ataondoka naye kwa meli kutoka Wete, warudi kwao, jina la Mwatima aliache hukuhuku Pemba.

Msellem aliniambia tukiwa tunakula. "Nasikia yule mwanafunzi wako alikuwa akikuhadaa. Pole, mke wangu. Wema wako ndio ulokuponza."

Alinipa pole! Nikamwongezea mchuzi.

Jumatano Mwatima alikuja. Alikuja saa ileile yake, baada ya alasiri, akakaa kitako mahali pake pale pale kwenye mkeka, kama kwamba tunaendelea na somo.

"Bi, sikuja kugombana," alisema. "Nifunze hayo maneno. Nina leo, kesho na kesho kutwa, na kushika nashika upesi, unajua. Nikiyajua nitakwenda kumsomea Bi Kazija, ataona kweli nilikuwa kwako."

"Nenda kwa Maalim," nikasema.

"Nikienda kwa Maalim watasema amenifunza Maalim. Lazima yatoke kwako."

Nikaanza kukunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa. Alinitazama mikono, akanitazama uso, na nikamwona anafahamu. Jambo lilimjia polepole, kama maji yanavyopanda mkokoni.

"Huyajui," akasema.

Nikaikunjua kanga, nikaikunja tena.

"Sasa ukisimama pale mbele yangu, midomo inacheza, huwa unasema nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Nahesabu tu. Moja, mbili, tatu."

Nilimngoja apige kelele. Nilimngoja ateme mate, atoke nje awaite watu, na nilikuwa radhi. Alijiziba mdomo kwa mkono, macho yakamjaa machozi, na wallahi hayakuwa ya kujililia mwenyewe.

"Miaka yote hiyo," akasema, "hujapata kumwambia kitu?"

Kisha akainuka, akakung'uta kanga yake. "Sitamwambia mtu, Bi. Ni siri yako na Mola wako."

Hakuwa akinikejeli. Angekuwa ananikejeli ningemtukana, nami ni hodari wa kutukana, moyo ukapoa. Alikuwa amelibeba neno langu la uongo akiliona ni amana, na analirudisha kwangu halina doa. Nilimkasirikia. Nilikaa pale nikamkasirikia mpaka adhana ya magharibi, kisha nikaenda kutia udhu, nikasimama kwenye mswala, nikasema moja, na mbili sikuiona.

Msellem aliporudi msikitini nilimwambia. Nilimwambia yote, ya shangazi, ya mara mbili, ya kuhesabu, ya mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukunambia?" akauliza. "Mwaka wa kwanza. Tungeketi hapa tukasoma, nani angejua?"

Akatoka kwenda kuadhini isha, na sauti yake ilikuwa dhaifu hata jirani wakauliza kesho yake kama mwadhini anaumwa.

Alhamisi, baada ya alasiri, wanawake hukusanyika kwa Maalim Bimkubwa kusoma Yasini. Nilikwenda nikiwa nimechelewa makusudi, ili wote wawepo. Bi Kazija alikuwapo. Walikuwa wamemaliza, wanagawana kahawa. Kwa kawaida mimi hukaa karibu na Maalim. Siku ile nilibaki nimesimama mlangoni. Maji ukiyavulia nguo yaoge.

"Nina neno," nikasema. "Yule Mwatima hakukosa kuja kwangu hata siku moja. Nimemsingizia. Mie ndiye nlomwambia ya ndani ya sala ni siri, na nlimwambia hivyo kwa sababu Alhamdu mie mwenyewe siijui. Sijapata kuingia chuoni. Nasali kwa kuhesabu."

Kikombe kilikuwa mkononi mwa mtu hakiendi mdomoni wala hakirudi.

"Wahesabu?" mmoja akauliza.

"Nahesabu."

"Weye?" Bi Kazija akasema. "Ulohitimu mara mbili?"

"Sijahitimu hata nusu."

Kicheko kilianza pembeni, kikakatika chenyewe, maana Maalim Bimkubwa alikuwa amefunga msahafu wake na kuuweka kwenye marufaa.

"Mie nlijua," alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Nlijua miaka minane nyuma. Tulisali tarawehe bega kwa bega, nikakusikia kwenye sijida. Kumi na mbili, kumi na tatu. Nlidhani waumwa. Usiku wa pili nikakusikia tena. Nikasema nikimwambia nitamvunja, nikakusitiri. Basi alipokuja yule mtoto wa watu nikakupa weye makusudi. Nikasema sasa atakuja kuniuliza, ajifunze naye humo humo, asiaibike. Miezi mitatu nakungoja, Mwanapili. Mara mbili nlikuona umefika kisimani ukarudi. Mficha uchi hazai."

Methali hiyo kwa mtu aliyezaa ni methali. Mimi iliniingia mahali pengine, na nadhani naye aliliona hilo, kwa kuwa alishusha macho.

"Na siku ya mchele?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa imepanda, sikuweza kuizuia. "Siku ya mchele ulikuwapo, Maalim. Ulikuwa kwenye kigoda. Ulijua nasema uongo."

"Nlikuwapo," akasema. "Nlikutazama weye, nikasema atasema sasa hivi. Hukusema. Na mie nikanyamaza. Nlikusitiri weye kwa nguo ya mwenzio."

Sijapata kumwona Maalim Bimkubwa akilia kabla ya siku ile, na sikupenda kumwona. Ilikuwa kama kumwona mtu mzima ameanguka njiani.

Bi Kazija alikuwa ameshasimama, anajitanda kanga yake ya kichwani, haikai, anaitanda tena. "Na mie nlimwita nini mtoto wa watu," alikuwa akisema, "mbele ya watu nlimwita nini." Hakumwambia mtu twende. Alitoka, na sisi sote tukamfuata kwenda kambini, mstari mrefu wa wanawake katikati ya mikarafuu, na mimi nyuma kabisa.

Kaka yake Mwatima hakutukaribisha kukaa. Alituacha tumesimama juani, akamwita dada yake, na Bi Kazija akasema yale aliyokwenda kusema, kwa shida, lakini aliyasema yote. Kisha nikasogea mbele nami nikayasema yangu, mbele ya wachumaji waliokuwa wakichambua karafuu na ambao waliacha kazi wakatusikiliza. Mzigo wa Mwatima ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni.

"Nitaolewa," Mwatima alimwambia Bi Kazija. "Lakini kwanza nisome. Sitaki kuingia nyumbani kwako kwa kuonewa huruma." Akamwomba kaka yake angoje meli nyingine, naye, baada ya kunung'unika sana kwa Kisukuma, akakubali.

Jumamosi tulianza chuoni, yeye na mimi. Chuo cha Maalim ni baraza yake, na wanafunzi wake wa asubuhi ni watoto wa miaka sita, saba. Tulikaa kwenye mkeka katikati yao, magoti yangu yanapiga kelele kila nikikunja, na watoto walinitazama kama mbuzi aliyeingia msikitini. Mke wa mwadhini! Waliambiana kwa viwiko. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walipita polepole kuliko haja. Maalim anasoma kipande, sote tunaitikia, anarudia, tunaitikia.

Mwatima alikuwa hodari, kama alivyosema. Siku ya nne asubuhi nilikuwa nateka maji, nikamsikia upande wa pili wa kichaka anasubiri zamu yake na kujisomea. Aliisoma Alhamdu yote, tangu bismillahi mpaka amina, hakukwama mahali. Mimi nilikuwa bado katika matundu yangu. Nikishika aya ya nne, ya tano inanitoka.

Asubuhi ileile Maalim alimtaka asome peke yake. Mwatima akaanza vizuri. Alipofika pale ninapokwama mimi, pale pale hasa, akanyamaza.

"Tena," Maalim akasema.

Akaanza tena. Akanyamaza pale pale.

"Mwatima mzito!" mtoto mmoja akasema, na wenziwe wakaangua kicheko. Maalim alinyanyua fimbo yake ya henzirani kuwatuliza. Mwatima alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mkeka, na hakuonekana kushangaa wala kuona haya. Alikuwa anangoja tu. Hakutaka niachwe nyuma peke yangu na watoto.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa Alhamisi, sijui kwa nini, maana hawa walikuwa watoto tu.

"Maalim," nikasema, "huyo anajua. Nimemsikia kisimani, kaisoma yote. Ananingoja mie. Mie ndiye nisojua."

Watoto walinicheka. Walicheka wote, wengine mpaka wakajilaza, na Mwatima akaniambia pole pole, "Bi, si lazima," nikamwambia ni lazima.

"Basi soma weye," Maalim akasema.

Nikasoma. Nilipofika pale nilipopasahau, nikasema nimesahau.